Mama Mivukuto Ashuka Roshanini

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mtunza kinanda wa kanisa letu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wachungaji sita na kuchukua likizo mara mbili. Mara zote mbili alirudi kabla likizo haijaisha kwa sababu aliota kwamba panya wameingia kwenye mabomba. Ndoto moja kati ya hizo ilikuwa ya kweli.

Jina lake rasmi limo katika jalada lake la utumishi, na huko linatosha. Sote tunamwita Mama Mivukuto. Alilipata jina hilo katika mwaka wake wa kwanza, alipokuwa ameajiriwa kufagia kanisa la zamani na kufuta vumbi kwenye mabenchi. Siku zile kinanda cha mabomba kilipata upepo wake kutoka kwa mivukuto miwili ya ngozi, nayo ilisukumwa kwa mpini na bwana mmoja aliyekaa nyuma ya kinanda. Bwana huyo alikuwa na desturi ya kulala wakati wa mahubiri. Jumapili moja wimbo ulikata pumzi katikati ya ubeti wa pili. Mfagiaji aliweka ufagio chini, akapanda roshanini, akamwondoa yule bwana kwa mkono mmoja na kushika mpini kwa mkono wa pili. Ubeti wa tatu uliimbwa kwa nguvu iliyowatisha wazee wa kanisa. Wiki iliyofuata baraza lilimkabidhi mpini. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache kufagia, aliendelea na kazi zote mbili.

Mpiga kinanda wa wakati huo alitaka kujua upepo ule ulitoka wapi. Alikwenda nyuma kuangalia, na baada ya muda uliostahili wakaoana. Ndoa yao ilidumu hadi mpiga kinanda alipofariki, miaka tisa iliyopita. Sehemu kubwa ya ndoa hiyo waliifanyia kazini, mume mbele ya ukuta wa mbao na mke nyuma yake, wakisemezana kwa kugonga ubao. Kugonga mara moja kulimaanisha ongeza upepo. Kugonga mara mbili kulimaanisha mahubiri yamekwisha, amka. Mstaafu wetu anasisitiza kwamba ishara hii ya pili haikuwahi kutumika.

Feni ya umeme ya kusukuma upepo ilipofungwa, wengi walidhani kazi yake imefika mwisho. Umeme wenyewe haukuwa na maoni hayo. Uliendelea kukatika kila penye harusi. Kwa hiyo mpini ulibaki, naye akabaki nao. Fundi aliyeifunga feni ile alikaa nasi kwa majuma kadhaa, na Mama Mivukuto alimfuata kila alikokwenda, akishika taa na kuuliza maswali, mpaka fundi akaona ni nafuu kumfundisha. Alipoondoka, mstaafu wetu alikuwa anajua kubadilisha ngozi, kunyoosha bomba lililopinda na kulipatanisha sauti na wenzake. Hakuyajua yote sawasawa, kama tutakavyoona, lakini aliyafanya yote kwa uhakika.

Hapa inabidi tueleze utaratibu wake wa kazi, kwa kuwa ndio uliotufikisha tulikofika.

Kinanda chetu ni cha zamani kuliko mtu yeyote aliye hai mjini, na kina mabomba zaidi ya mia sita, marefu na mafupi, ya bati na ya mbao. Mabomba yenye adabu Mama Mivukuto aliyaita kwa herufi zilizochongwa juu yake na walioyatengeneza. Yenye tabia aliyapa majina ya watu. Bomba lililovuta upepo mwingi kabla ya kusema neno liliitwa Mwenyekiti. Bomba lililopokea upepo na kutoa kidogo sana liliitwa Mhasibu. Lililonguruma mpaka mabomba madogo ya jirani yakatetemeka liliitwa Mwalimu Mkuu. Bomba refu kuliko yote hakulipa jina lolote, kwa heshima, ingawa kila aliyelisikia alijua linafanana na nani. Na lilikuwapo bomba moja la bati, lenye urefu wa mkono, ambalo kila upepo ulipofunguliwa lilitoa sauti kabla mtu yeyote hajagusa chochote, kisha likatulia. Hilo liliitwa Wifi.

Majina haya yaliandikwa kwa wino kwenye vipande vya kitambaa na kufungwa shingoni mwa mabomba. Lazima isemwe kwamba yaliandikwa bila kosa hata moja la tahajia. Kwa miaka mingi hakuna aliyeyaona isipokuwa yeye na mumewe, maana ngazi ya roshani ilikuwa nyembamba na hakuna mwingine aliyekuwa na haja ya kupanda.

Kisha barabara ikapanuliwa. Kanisa la zamani lilikuwa limesimama pale ambapo barabara ilitaka kupita, na tukapewa kiwanja kingine upande wa pili wa mji. Jengo jipya lilichorewa roshani, lakini haikusemwa ni ya nini. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi si mtu mbaya. Ni mtu wa spika. Alitaka kinanda kidogo cha umeme, spika mbili kubwa, na mabomba yapelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama Mivukuto aliomba kusikilizwa na kamati, akasikilizwa kwa muda mrefu kuliko kamati ilivyokusudia, na mwishoni ukatolewa uamuzi. Kinanda cha zamani kingehamishwa na kujengwa upya chini ya usimamizi wa fundi wa vinanda wa kuajiriwa. Kikiwa kimekamilika, bomba kwa bomba, na fundi amekikubali kabla ya Jumapili ya kuwekwa wakfu, roshani ni yake. Kikipungua hata bomba moja, roshani ni ya spika.

Mama Mivukuto alisema, "Nimesikia," na akaenda kutafuta masanduku.

Kukivunja kinanda lilikuwa jambo la amani. Kila kipande kilifungwa katika blanketi, na wanakwaya walijitolea kubeba. Shida ilikuwa mahali pa kuhifadhi, kwa sababu jengo jipya bado lilikuwa halina paa. Masanduku mengi yalipata nafasi katika stoo ya shule. Yaliyosalia yalikosa, na baraza likakubali kwamba waumini wapelekewe bomba mojamoja nyumbani, wayatunze hadi yatakapohitajika. Siku hiyo Mama Mivukuto alikuwa juu ya lori, amekumbatia mivukuto yake, akielekea kwenye karakana ya ngozi. Ugawaji ulibaki mikononi mwa mwalimu wa kwaya.

Mwalimu wa kwaya alifungua blanketi la kwanza, akaona kitambaa, akasoma jina. Akafungua la pili. Akawaambia wenzake, kwa furaha na kwa sauti kubwa, "Jamani, mama ameshapanga kila kitu!"

Kufikia magharibi kila bomba lenye jina lilikuwa limefikishwa kwa mwenye jina, pamoja na kitambaa chake.

Watu waliyapokea mabomba kwa heshima. Baadaye walianza kuulizana kwa nini yeye kapewa na jirani hakupewa. Baada ya hapo waliuliza wanakwaya, na wanakwaya wakauliza wengine, na katika muda wa juma moja maana ya kila jina ilikuwa inajulikana hadi sokoni. Mwenyekiti alihudhuria kikao kizima bila kutoa neno, jambo lisilo na mfano, na wajumbe kadhaa walilipenda. Mhasibu alilirudisha bomba lake limeng'arishwa, bila maelezo. Ombi la ngozi mpya lilikaa mezani kwake kwa muda usio wa kawaida. Mwalimu Mkuu alilisimamisha lake ofisini na anasema wanafunzi wamekuwa wasikivu zaidi. Jengo lilipopata paa, yote yalikuwa yamerudi.

Yote isipokuwa moja. Dada wa marehemu mpiga kinanda, yaani wifi wa mstaafu wetu, ni mshonaji, na ndiye anayeshona majoho ya kwaya yetu. Tangu bomba lifike kwake alikuwa hasemi na Mama Mivukuto. Wajumbe watatu waliotumwa kulifuata walirudi wamepimwa nguo, bila bomba.

Wakati huohuo fundi wa vinanda alikuwa amefika. Ni mtu makini, asiyesema sana, na yeye na Mama Mivukuto walikuwa na maoni tofauti juu ya karibu kila skrubu. Dari ya jengo jipya ilikuwa fupi, na bomba refu lisilo na jina ikabidi likunjwe kiwiko. Mama Mivukuto alitoka nje msumeno ulipowashwa. Siku nyingine fundi alifungua sanduku la upepo, akatoa kilango kidogo, kile kinachouzuia upepo usiingie kwenye bomba kabla ya wakati, akauliza ni nani aliyebandika ngozi ya kilango hiki kinyume. Mama Mivukuto alitazama dirishani. Fundi alisema bomba linalokaa juu ya kilango hicho lazima lilikuwa likilia lenyewe kila upepo unapofunguliwa. Akauliza ni bomba gani. Mama Mivukuto alisema atakwenda kuwasha jiko la chai.

Fundi alibandika ngozi mpya, upande unaostahili. Aliagiza pia bomba mbadala kwa fundi bati wa mjini, na fundi bati akajitahidi, lakini bomba lake lilisikika kama mtu mwenye mafua. Noti yenyewe ndiyo inayoanzisha nusu ya nyimbo tunazoimba. Fundi wa vinanda alisema hawezi kuweka sahihi yake chini ya mafua. Zilibaki siku chache tu, na spika zilikuwa zimekwisha kuletwa, zimesimama ukumbini ndani ya maboksi yake.

Alhamisi Mama Mivukuto alikwenda mwenyewe. Wifi yake anaishi katika nyumba ya kona, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, na chumba cha mbele ndicho anachoshonea. Mwalimu wa kwaya alifuatana naye ili abebe mzigo. Mwalimu wa kwaya hawezi kutunza siri, kwa hiyo mazungumzo tunayo yote.

Bomba lilikuwa limesimama kando ya cherehani, limetundikwa utepe wa kupimia. Wifi hakuacha kukanyaga.

"Karibuni. Kama mmefuata chai, ipo. Kama mmefuata bomba, kunyweni chai mwende."

"Wifi, nimekuja mwenyewe."

"Nakuona. Miaka yote nawashonea majoho, nawapima vifua, nanyamaza. Kumbe huko juu mmenifunga kitambaa shingoni."

"Unanyamaza?" mwalimu wa kwaya aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

"Wewe ndiye uliyeniletea. Kunywa chai."

Mama Mivukuto alitoa mkobani kipande cha ngozi kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, akakiweka mezani. Alieleza kazi ya kilango, upande laini wa ngozi na upande wa manyoya, na jinsi upepo unavyopenya pale mtu anapozichanganya pande hizo. Alieleza kwamba mtu huyo alikuwa yeye, katika mwaka wake wa kwanza wa ufundi. Bomba halikuwa na kosa lolote, na kwa hiyo halikustahili jina lile. Kwa kipimo chake hiyo ilikuwa radhi kubwa. Hatukumbuki nyingine.

"Sasa hapa unaniomba radhi au unanifundisha ufundi?"

"Vyote viwili."

"Ngozi yako hiyo, rudi nayo." Cherehani ilisimama. "Nataka kitu kimoja tu. Kaka yangu alijua?"

Palikuwa na jibu jepesi, nalo ni hapana. Marehemu asingelipinga. Mwalimu wa kwaya anasema yeye angelitoa jibu hilo kabla swali halijaisha.

"Jina alilitoa yeye," Mama Mivukuto akasema.

Wifi alishika ukingo wa meza.

"Mimi nilitaka kulitengeneza, wifi. Nilimwambia kila mwaka. Nilikuwa sijui kosa liko wapi, lakini ningelitafuta. Akanikataza. Alisema, 'Liache hilo. Mama alipofariki, dada ndiye aliyekuwa akiniamsha asubuhi, na hakuanza kwa kunong'ona. Nikifungua upepo nikalisikia, najua siku imeanza na mtu wangu yupo.' Akaandika kitambaa, mimi nikafunga. Hayo mengine yote niliyaiga kwake. Hilo lilikuwa la kwanza."

Wifi aliinua kile kitambaa, akautazama mwandiko. Ulikuwa wa kaka yake. Hakuwahi kukitazama kwa karibu hivyo, alikuwa na hasira. Mwalimu wa kwaya alimaliza chai yake na kuanza ya mwenzake.

"Na huyo fundi wenu amelifanyaje?"

"Ametengeneza kilango. Sasa halisemi mpaka libonyezwe."

"Basi hamlipati."

"Wifi..."

"Hamlipati! Kaka yangu aliliacha, na nyie mliache. Jumamosi nitalileta mwenyewe. Jumapili nitakuja nikae. Nikilisikia, libaki. Nisipolisikia, naondoka nalo, hata kama ni katikati ya ibada. Mnanijua."

Tunamjua.

Ikumbukwe mstaafu alikuwa njia panda. Mtunza kinanda hakiharibu kinanda. Miaka yote hiyo amekuwa akiwafukuza roshanini watu waliokohoa karibu na mabomba. Fundi asingekubali kinanda chenye kasoro. Wifi asingekubali kisicho nayo. Walipofika kwenye kivuko cha barabara alimwambia mwalimu wa kwaya kwamba mume wake alikuwa mtu msumbufu sana.

Jumamosi asubuhi wifi alileta bomba, limefungwa katika kitambaa cha joho. Lilikaa mahali pake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Fundi alipiga noti zote, moja baada ya nyingine, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kila alipokubali, na akaweka sahihi. Mwenyekiti wa kamati aliisoma karatasi mara mbili na kumpa fundi mkono. Kisha watu wote walishuka kwenda kula. Taarifa hii haina la kusema kuhusu muda ambao mstaafu wetu alibaki juu peke yake, wala kuhusu bisibisi iliyokosekana kwenye mkoba wa fundi na kupatikana baadaye mahali pake, ikiwa safi.

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Wifi aliketi safu ya tatu, amevaa vizuri, na miguuni mwake ameweka begi kubwa tupu. Mchungaji alitoa salamu, akaomba ukimya kwa ajili ya sala ya ufunguzi. Mpiga kinanda mpya alifungua upepo. Mivukuto ilijaa. Ndani ya ukimya ule, kabla mtu yeyote hajaweka kidole mahali popote, sauti moja ya bati ilipaa kutoka roshanini, ya juu, ya wazi, isiyo na haraka, ikalizunguka jengo lote jipya, kisha ikatulia.

Mwenyekiti alimgeukia fundi wa vinanda aliyeketi kando yake. "Fundi, hicho ni nini?"

"Jengo jipya," fundi akasema. "Unyevu."

"Utaisha lini?"

Fundi alitazama juu. Mama Mivukuto alikuwa amesimama kando ya kinanda, mikono nyuma, akitazama mbele kama askari.

"Hautaisha," fundi akasema, akafungua kitabu chake cha nyimbo.

Katika safu ya tatu wifi alikuwa amefunika uso kwa viganja, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Wimbo ulipoanza alisimama na kuimba kwa sauti yake yote. Begi lilibaki chini ya benchi, na mhudumu wa usafi analitafutia mwenyewe hadi leo.

Spika zimewekwa uani, ambako zinafaa sana kwa matangazo.

Mrithi wa mstaafu wetu ni fundi umeme, mwanamke mwenye mikono mizuri na masikio mazuri zaidi. Juma lililopita Mama Mivukuto alimkabidhi kinanda, sanduku kwa sanduku, kilango kwa kilango, na akamwagiza ni kipi cha kukaza kila mwezi na kipi kila mwaka. Kwenye kilango kimoja alimwambia asikiguse. Mrithi aliuliza kama ni kibovu.

"Hapana," Mama Mivukuto akajibu. "Kina mwenyewe."

Mama, umekitunza kinanda chetu kikiwa mahali pawili, na katikati ulikitunza kikiwa majumbani mwa watu zaidi ya thelathini, ambao baadhi yao wameanza kukusalimia tena. Tunakushukuru kwa pumzi uliyotupa, ile ya mpini na hii ya sasa. Tumebaini pia kwamba kwa miaka yote hiyo ulikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, na kwamba tangu ushike mpini hujawahi hata mara moja kukisikia kinanda hiki kutoka mahali tunapokaa sisi. Jumapili ijayo kuna nafasi safu ya tatu. Wifi yako ameishikilia, na tunashauri usichelewe. Tunakutakia afya njema, usingizi usio na panya, na siku nyingi za kuketi na kusikiliza.